Uzuri wa Mkakasi: Sakafu, Kuta na Samani za Kuigiza Majumbani Mwetu



Ndugu wasomaji wetu wapenzi, majira ya baridi yaliyopita tulikwenda jioni moja, baada ya sala ya Magharibi, kuwatazama jamaa zetu wanaokaa katika mojawapo ya majumba ya ghorofa ya hapa Väsby. Tulikwenda kwa ajili ya mgonjwa, lakini mazungumzo ya usiku ule yaliangukia kwenye sakafu, na tangu hapo hatujaweza kuyasahau, kwani mkasa uliowafika wenzetu wale waweza kumfika yeyote kati yetu, na baadhi yetu umekwisha tufika.

Baba wa nyumba hiyo alikuwa ametandika sakafu mpya kwa mikono yake mwenyewe miaka miwili kabla. Alichoshwa na kapeti la plastiki la kijivu alilolikuta, akanunua vibao vya laminati vyenye sura ya mwaloni, vile vya kubanana bila gundi, akavipanga juu ya kapeti lile kuanzia sebuleni hadi mlangoni mwa bafu. Siku za mwanzo kila aliyeingia alisifu, nasi tulikuwa miongoni mwa waliosifu. Haukupita mwaka, mbele ya mlango wa bafu kingo za vibao zikaanza kuinuka. Kila kiungo kilifanya kituta, rangi ikachubuka juu ya vituta hivyo, na chini ya rangi pakaonekana kitu cha kahawia kilicholegea kama pumba zilizoloa.

Sababu haikuhitaji kutafutwa mbali. Nyumba ile ina watu sita, na wote wanasali. Watu sita mara tano kwa siku ni safari thelathini za miguu mibichi kutoka kwenye udhu, kila siku iendayo kwa Mungu, juu ya vipande vile vile vitatu vya sakafu. Boksi la vibao lilikuwa na onyo kwamba maji yafutwe upesi, lakini onyo lenyewe lilikuwa kwa Kiswidi, kwa herufi ndogo, nalo boksi lilikwisha kutupwa.

Bibi yao, aliyekuja kutoka Unguja kuwaona wajukuu, aliinama akakwaruza kituta kimoja kwa ukucha. Akauliza mbao gani hii inayoogopa maji kuliko paka. Akajibiwa kuwa ni mwaloni. Akasema, “Mwaloni huu mama yake ni karatasi,” kisha akaongeza methali ambayo wengi wetu tuliisikia udotoni bila kuifikiri: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Kwa watoto wetu waliozaliwa huku, na ambao huenda hawajapata kuuona mkakasi, tuseme kuwa ni kijaluba cha mti, cha kutilia vitu vidogo vya mwanamke, kilichopakwa rangi za kupendeza kwa nje. Ukikitazama rafuni ni pambo. Ukikimwagia maji, pambo limekwisha na mti umebaki. Wazee wetu waliujua mwenendo wa nakshi ya juu muda mrefu kabla ya kiwanda chochote cha laminati kujengwa.

Wenzetu wale baadaye walipata nyumba nyingine na wakataka kuhama. Mkaguzi wa mwenye nyumba alipokuja, alivifumua vibao mbele ya bafu, akakuta kapeti la chini nalo limeingia doa la unyevu lisilotoka. Akauliza ruhusa ya kutandika sakafu iko wapi, na ruhusa haikuwapo. Hesabu waliyoletewa ilizidi mara mbili bei ya vibao vyenyewe.

Basi tumeona toleo hili tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo: vitu hivi vya kuigiza ni nini hasa, vimetoka wapi, na mtu afanyeje asije akadanganywa wala asijidanganye.

Tuanze na kibao chenyewe. Kina tabaka nne. Chini kabisa ni karatasi ngumu ya kukizuia kisijikunje. Juu yake ni kiini, yaani nyuzi za mbao zilizosagwa, zikatiwa gundi na kushindiliwa kwa moto na nguvu kubwa hata zikawa ubao mmoja mzito. Juu ya kiini ni karatasi iliyopigwa chapa ya picha ya mbao. Huu ndio “mwaloni”. Na juu ya picha ni ngozi ya melamini, iliyo angavu kama kioo, yenye chembe ndogo ndogo za madini magumu zinazoizuia isikwaruzike kwa viatu na viti. Ngozi hiyo maji haiyaogopi. Kinachoyaogopa ni kiini, na maji hukifikia kwa njia ya viungo. Zile nyuzi zikinywa maji huvimba, na zikikauka hazirudi zilivyokuwa. Ndiyo sababu sakafu ile ilikuwa imara sebuleni, mahali watoto waliporushiana mpira na kuburura viti, ikaharibika mbele ya bafu ambapo hapakuwa na mchezo wowote.

Na kwa kuwa ni picha, ina mwisho. Kiwanda hakipigi picha ya miti elfu. Kina picha chache tu kinazozirudia. Watoto wa nyumba ile waligundua jambo hili kabla ya wazazi wao: jicho moja la mbao, lenye umbo la samaki, walilihesabu mara saba toka dirishani hadi ukumbini. Mti wa kweli hauwi na jicho lile lile mara saba.

Pengine wengi hawajui kuwa sakafu ya namna hii ni mzaliwa wa nchi hii hii tunayoishi. Kule Skåne kuna mji mdogo uitwao Perstorp, na mwaka 1881 mtu mmoja aitwaye Wilhelm Wendt alianzisha hapo kiwanda cha kutoa siki, makaa na dawa nyingine kutokana na miti. Kutoka dawa wakaenda kwenye plastiki, na kutoka plastiki wakaenda kwenye mabamba ya laminati ya meza za jikoni. Mwaka 1977 wakaanza kushughulikia laminati ya kukanyagwa, na mwaka 1980 ikaingia sokoni. Baadaye ikajulikana dunia nzima kwa jina la Pergo. Katikati ya miaka ya 1990 ndipo yalipozuka maungio ya kubanana bila gundi, na kampuni ya Välinge, nayo ya kusini mwa Sweden, ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuyabuni. Kabla ya hapo kutandika sakafu ilikuwa kazi ya fundi. Baada ya hapo ikawa kazi ya baba mwenye nyumba siku ya Jumamosi.

Laminati ya mezani ina umri mkubwa zaidi, na jina lake mashuhuri lina hadithi. Mafundi wawili wa Marekani, Daniel O'Conor na Herbert Faber, walianzisha kampuni yao mwaka 1913 wakiuza kitu cha kukinga umeme katika mashine. Kazi hiyo hapo awali ilifanywa na ulanga, yale madini yang'aayo yanayobanduka kama karatasi. Kitu chao kipya kilishika mahali pa ulanga, na jina walilolitoa, Formica, kwa Kiingereza ndiyo maana yake hasa: badala ya ulanga. Hivyo basi kitu hiki kilizaliwa kikiwa badala, na hakikuona haya kujiita hivyo. Huko kwetu meza ya fomaika ilikuwa heshima ya hoteli ya chai na ya nyumba ya mwalimu, na hatukumbuki mtu yeyote aliyedhani kuwa fomaika ni mti.

Hapa yafaa tuseme kwamba si kila laminati huiga. Mwaka 1958 Perstorp walitoa mchoro uitwao VirrVarr, kazi ya Sigvard Bernadotte, mtoto wa mfalme aliyegeuka mchoraji wa vyombo. Ni mistari iliyovurugika, haifanani na mbao wala jiwe wala kitambaa, na bado mnaweza kuikuta katika meza za jikoni za wazee wa Kiswidi. Sisi tunaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ni plastiki inayofanana na plastiki.

Tusije tukadhani, hata hivyo, kuwa kuigiza kumeletwa na plastiki. Tazameni zile nyumba nyekundu za mbao zilizotapakaa katika mashamba yote ya Uppland, ambazo watoto wetu huzichora shuleni kila wanapoambiwa wachore Sweden. Wekundu ule ulikuwa wa kuigiza. Katika karne ya 17 wakubwa wa nchi hii walitamani majumba ya matofali kama ya Uholanzi, lakini msitu ulikuwa karibu na tofali lilikuwa ghali. Basi wakajenga kwa mbao na kuzipaka rangi ya tofali. Rangi hiyo ilitoka katika taka za mgodi wa shaba wa Falun: udongo mwekundu wenye chuma, uliopikwa kwa maji na unga wa nafaka, pamoja na mafuta ya kitani. Baadaye, hasa katika karne ya 19, wakulima nao wakaiga wakubwa. Mgodi ulifungwa mwaka 1992, lakini rangi inatengenezwa hadi leo, na hapana Mswidi anayeitazama nyumba nyekundu akafikiri tofali. Kilichoanza kuwa mwigo kimekuwa asili.

Lakini sababu ya rangi ile kuishi si uzuri wake peke yake. Ni rangi inayopumua. Mvua huingia kidogo na jua huitoa, na mbao iliyo chini hukauka. Katika karne ya 20 zilipokuja rangi za plastiki, wenye nyumba wengi walizipaka juu ya mbao zao kwa kuwa zinang'aa na hazitii vumbi la rangi kwenye nguo. Rangi ikafunga unyevu ndani, na mbao zikaoza nyuma ya uso uliokuwa bado mpya. Tunaomba msomaji aliweke neno hili akilini, maana tutalirudia tutakapofika pwani ya kwetu.

Kuna pia ufundi uliokuwa ukifanywa kwa mkono. Ukiingia katika majumba ya zamani ya Stockholm, yale yaliyojengwa miaka ya 1880 hadi 1910 hivi, mara nyingi utakuta ukumbi wa ngazi una kuta za marumaru ya kijani au nyekundu yenye mishipa. Igonge kwa kidole: nyingi katika hizo ni lipu iliyopakwa rangi kwa brashi na unyoya. Na milango ya msonobari ilipakwa mishipa ya mwaloni kwa vitana maalumu, na rangi yenyewe, tusishangae, ilichanganywa na bia ili ikauke upesi na ishike. Hapo fundi wa Kiislamu angalilazimika kutafuta njia nyingine.

Mfano ulio bora kuliko yote uko Drottningholm, katika jumba la michezo lililojengwa mwaka 1766 kwa amri ya Malkia Lovisa Ulrika. Mbunifu Carl Fredrik Adelcrantz hakuwa na fedha za marumaru wala za shaba iliyotiwa dhahabu. Akatumia mbao, plasta na karatasi iliyopondwa, akazipaka rangi. Mfalme Gustav III alipouawa mwaka 1792, jumba likaachwa, likawa ghala, na vumbi likalihifadhi mpaka mwaka 1921 lilipogunduliwa upya. Nguzo za karatasi zimesimama, na leo ni za thamani kuliko nguzo nyingi za jiwe. Zilipona kwa kuwa zilikaa pakavu na kwa kuwa aliyezitengeneza alijua vema ni karatasi, akazitunza kama karatasi.

Sasa twende nyumbani. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam au Unguja na kusema unataka marumaru, muuzaji hatakuuliza swali; atakuonyesha vigae vya udongo uliochomwa, vilivyopakwa ng'aro na kupigwa picha ya jiwe. Neno limehama. Marumaru katika Kiswahili cha mabibi zetu lilikuwa jiwe lililotoka ng'ambo kwa jahazi au meli, la majumba ya masultani na matajiri. Leo katika kinywa cha fundi ni kigae chochote cha sakafuni. Mwigo haukuridhika na sura ya jiwe, umechukua na jina lake. Hatusemi hivi kwa kulaumu. Kigae kizuri hakinywi maji, hakiliwi na mchwa, na kwa miguu mibichi ya udhu ni bora kuliko mbao yoyote duniani. Tunasema tu kwamba mtu aliye Väsby akipeleka fedha za “marumaru” na akiwa na picha ya jiwe kichwani, na fundi akipokea fedha hizo akiwa na picha ya kigae kichwani, wote wawili wamesema kweli na ugomvi umekwisha kuzaliwa.

Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja nazo zilifunikwa. Ukuta wake ni mawe ya matumbawe yasiyo na umbo, yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na hakuna aliyetaka kuyaona. Chokaa ilipatikana kwa kupanga tanuu: magogo kwa duara, matumbawe juu yake, moto ukawaka, kisha majivu meupe yakaachwa miezi yapoe na kuiva kwa umande na mvua. Kwa chokaa hiyo walipiga lipu laini, wakachonga vidaka na nakshi katika chumba cha ndani, wakaweka humo sahani za Kichina. Sakafu ya juu ilitwangwa kwa siku nyingi, watu wakiimba, mpaka ikashikamana. Ukiingia chumbani usingeliona jiwe hata moja. Hilo ni pambo la juu lililo kamili, na hata hivyo lilikuwa ndugu wa kile kilichokuwa chini yake: chokaa juu ya chokaa, na unyevu uliopanda kutoka ardhini uliweza kutoka.

Ndipo ilipokuja sementi. Tumeona sisi wenyewe nyumba za Mji Mkongwe, kutani mwake lipu ya sementi iliyopigwa kwa nia njema, kwa kuwa ni ngumu, ni ya kisasa, na hufanya ukuta wa zamani ufanane na ukuta wa bloku. Sementi haipumui kama chokaa. Maji hunaswa ndani, chumvi hukusanyika, chokaa iliyo katikati ya mawe hugeuka unga, na lipu yenyewe huja chini kwa mabamba makubwa ikifuatana na uso wa jiwe. Mafundi wanaohifadhi Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, wanarudi kwenye chokaa kwa sababu hiyo. Ni mkasa ule ule wa rangi ya plastiki juu ya mbao za Sweden. Pwani ya Bahari ya Hindi na misitu ya Falun hazikupata kuonana, na zote mbili zilifika kwenye kosa moja.

Tumetaja fedha zinazotumwa, na hapa ndipo penye uchungu kwa wengi wetu. Mmoja katika sisi aliagiza milango minane ya mninga kwa ajili ya nyumba anayoijenga nyumbani. Picha zilikuja katika simu: milango ya rangi ya hudhurungi yenye mishipa myeusi, inang'aa, mtu anaweza kujitazama ndani yake. Alilipa bei ya mninga, nayo si ndogo. Alipokwenda likizo, mlango mmoja ulikuwa umekaza, akaomba randa apunguze chini. Randa ilipopita mara ya pili, mbao ikatoka nyeupe na nyepesi, na harufu ya utomvu ikajaa chumba. Ilikuwa paini, mti wa mashamba ya kupandwa kama yale ya Sao Hill kule nyanda za juu kusini, mti usio na kosa lolote, uliopakwa rangi. Fundi alipoulizwa alijibu bila kutetereka: “Mzee, ulisema mninga, na rangi ni ya mninga.”

Sote tunajua inavyopokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani yake, na vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema mvua ndiyo iliyoinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyoloa juu watu wakaiona. Na akaelezwa kuwa mwenye kughushi hana nafasi pamoja na Waislamu. Ukiitafakari habari hii utaona kuwa mvua haikulaumiwa, wala nafaka mbichi haikuharamishwa kuuzwa. Kosa lilikuwa katika mpango wa tabaka: kavu juu, mbichi chini. Paini iliyopakwa rangi, ikiuzwa kwa jina la paini na kwa bei ya paini, ni biashara ya halali na mlango mzuri. Ni jina na bei vilivyoghushiwa.

Kwa mwenye kujenga kwa mbali, picha haitoshi, maana picha huona tabaka ya juu tu, na ndiyo hasa tabaka iliyotengenezwa ili ionekane. Ombeni mtu mnayemwamini aende kabla ya rangi kupakwa. Atazame kichwa cha ubao mahali ulipokatwa, aunyanyue aone uzito, aulize unga wa msumeno ni wa rangi gani. Na makubaliano yataje mti kwa jina, si kwa rangi.

Huku Sweden, kwa upande huu, mambo ni mepesi zaidi kwa anayesoma, kwani kibandiko cha dukani kwa kawaida husema kweli. Taabu ni kuwa husema kwa neno moja dogo. “Massiv ek” ni mwaloni mtupu. “Ekfaner” ni ngozi nyembamba ya mwaloni wa kweli iliyobandikwa juu ya ubao mwingine. Inaweza kupigwa msasa kwa uangalifu, mara moja au mbili. “Ekeffekt” au “ekmönstrad” ni picha ya mwaloni, na hapo msasa utaondoa mti wote kwa dakika moja. “Spånskiva” ni chipbodi, yaani vipande vya mbao vilivyogandishwa. Tofauti ya bei mara nyingi iko katika neno hilo moja, na tumewahi kumsikia mtu akijisifu kwa kununua kabati la mwaloni kwa krona mia nane. Hatukumwambia kitu, na labda tulikosea.

Neno moja juu ya makochi. “Konstläder” si ngozi, ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na aina zilizo rahisi huanza kubanduka baada ya miaka michache, magamba meusi yakanata katika nguo za watoto. Lakini kuna familia zinazoichagua kwa makusudi, kwa kuwa ngozi ya kweli isiyotajwa mnyama wake huwatia shaka isije ikawa ya nguruwe. Katika mlango huu ngozi ya kuigiza imempa mtu utulivu ambao ngozi ya kweli haikumpa.

Turudi kwenye nyumba za kupanga, maana wengi wetu hapa Väsby ni wapangaji, na majumba mengi tunamokaa ni ya ule mpango wa nyumba milioni moja wa mwaka 1965 hadi 1974. Sheria ya upangaji ya Sweden, sura ya 12 ya jordabalken, kifungu cha 24 a, inampa mpangaji haki ya kupaka rangi, kubandika karatasi za ukutani na kufanya mengine yanayolingana na hayo kwa gharama yake. Lakini kazi ikiwa mbaya na thamani ya nyumba ikashuka, mwenye nyumba anaweza kudai fidia. Kutandika sakafu mpya ni jambo lingine. Msitegemee kifungu hicho, ombeni ruhusa kwa maandishi na mtunze jibu. Bafuni msiguse kabisa bila ruhusa, kwani chini ya kapeti au vigae vya bafu kuna tabaka ya kuzuia maji, na tundu la msumari mmoja linaweza kuteremsha maji hadi kwa jirani.

Anayenunua kifaa kwa matumizi ya nyumbani naye analindwa. Sheria ya ununuzi ya walaji, konsumentköplagen, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2022, inampa mnunuzi miaka mitatu ya kudai juu ya kasoro, na kasoro ikijitokeza ndani ya miaka miwili ya mwanzo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ilikuwamo tangu siku ya kununua, ila muuzaji athibitishe kinyume. Tunzeni risiti. Vibao vilivyovimba kwa maji ya udhu, hata hivyo, havimo katika kasoro hizo ikiwa kiwanda kilikuwa kimekwisha kutoa onyo.

Wenzetu wale walilipa hesabu yao kwa mafungu, na sasa wako katika nyumba yao mpya, mtaa wa pili kutoka pale pale. Tuliwatembelea tena mwezi uliopita. Sakafu ni kapeti la plastiki la kijivu, lile lile alilolichoka baba, na mlangoni mwa bafu pametundikwa taulo sita, kila moja na rangi yake, za kufutia miguu. Bibi alikuwa amekaa sebuleni juu ya mkeka aliokuja nao kutoka Unguja, mwekundu na kijani, wenye mistari ile ile ya ukindu tuliyoizoea barazani. Mmoja wetu aliushika ukingo wake ili ausifu, na mkono ukakuta plastiki. Tukamtazama Bibi.

“Huu nauosha bafuni, nautundika, na kabla ya Alasiri umekauka,” akasema, akasogea kutupisha tukae.